Mshtakiwa "Hatari": Uhakiki wa Istilahi za Dhamana

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya kutolea haki katika mahakama. Kwa miongo mingi kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili, ilhali mahakama za juu ziliandika mwenendo na hukumu zake kwa Kiingereza. Mabadiliko hayo yaliwatwisha wafasiri, makarani wa mahakama na maofisa wa Serikali kazi ambayo haikuwa na maandalizi ya kutosha: kusema kwa Kiswahili mambo ambayo wanasheria wetu walizoea kuyafikiri kwa lugha nyingine.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja tu la istilahi hizo, yaani maneno yanayotumika pale mahakama inapoamua kama mshtakiwa akae nje au awekwe ndani kabla kesi yake haijasikilizwa. Tutaangalia hasa mshtakiwa ambaye inadhaniwa kwamba akiachwa anaweza kudhuru watu. Fungu hilo ni dogo kwa idadi ya maneno, lakini uzito wake ni mkubwa. Neno likikosewa katika hati ya kodi, mtu hupoteza fedha. Likikosewa hapa, mtu hupoteza miezi au miaka ya maisha yake, au shahidi hupoteza usalama wake. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya istilahi zilizoenea zinatamka jambo ambalo hakuna mahakama iliyolichunguza, na kwamba Kiswahili kina njia bora ya kulisema.

Mizigo ya neno "dhamana"

Tuanze na neno lenyewe. "Dhamana" lilitoka Kiarabu, nalo limekaa kwetu muda mrefu hata hakuna anayelihesabu kuwa geni. Kiini cha maana yake ni kujitwika wajibu kwa ajili ya jambo au mtu. Ndiyo sababu kiongozi husemwa kuwa amepewa dhamana ya uongozi, benki hudai dhamana ya mkopo, na mwenye duka hutoa dhamana ya mwaka mmodi kwa redio aliyoiuza. Katika matumizi yote haya kuna aliyeaminiwa na kuna atakayewajibika mambo yakiharibika.

Neno hilo lilipoingia mahakamani lilibebeshwa mizigo mingine, na kwa hesabu yetu imefika minne. Kwanza, dhamana ni haki ya mshtakiwa ya kukaa nje akisubiri kesi: "dhamana ni haki yake". Pili, ni amri ya mahakama ya kumwacha: "hakimu ametoa dhamana". Tatu, ni fedha au mali inayowekwa: "ameweka dhamana ya shilingi milioni tano". Nne, ni ahadi ya maandishi, pamoja na watu wanaoitia sahihi: "amekosa dhamana" kwa maana ya kukosa wadhamini.

Magazeti ya Kenya yamepunguza mkanganyiko huu kidogo. Huko msomaji amezoea kusoma kwamba mshtakiwa aliachiliwa kwa bondi ya shilingi laki mbili na mdhamini wa kiasi hicho hicho, au dhamana ya pesa taslimu shilingi laki moja. Kwa hiyo "bondi" ni ahadi iliyoandikwa, ambayo fedha yake hulipwa tu ikivunjwa, na "dhamana ya pesa taslimu" ni fedha inayotolewa papo hapo. Tanzania nako husemwa "kusaini bondi ya shilingi milioni kumi", lakini mara nyingi neno "dhamana" hurudi na kufunika yote.

Madhara ya kufunika hayo huonekana tunapotafsiri habari za nchi nyingine. Jimbo la Illinois nchini Marekani liliacha kutumia fedha kama sharti la kumwachia mshtakiwa tarehe 18 Septemba 2023. Mfasiri mwenye neno moja tu mkononi ataandika: "Illinois yafuta dhamana". Msomaji wa Dodoma au Mombasa ataelewa kwamba tangu siku hiyo hakuna mshtakiwa anayeruhusiwa kusubiri kesi akiwa nyumbani. Ukweli ni kinyume chake. Kilichofutwa ni mzigo wa tatu katika ile minne, yaani fedha. Haki ya kuachiwa ilibaki, na upande wa mashtaka ukiona kwamba mshtakiwa asiachiwe unapaswa kuiomba mahakama na kutoa sababu. Sentensi ya maneno matatu imegeuza sheria nzima juu chini, na hakuna neno hata moja ndani yake ambalo halimo katika kamusi.

Milango mitatu, neno moja

Kasoro ya pili ni usemi "amenyimwa dhamana". Tunauona ukitumika kwa hali tatu ambazo mwanasheria hawezi kuzichanganya.

Hali ya kwanza ni ya mshtakiwa ambaye sheria yenyewe imemfungia mlango. Nchini Tanzania, kifungu cha 148(5)(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 kiliorodhesha makosa ambayo anayeshtakiwa kwayo hawezi kupewa dhamana, miongoni mwake mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Marekebisho ya baadaye yaliongeza mengine. Hapa hakimu hapimi lolote. Akishasoma hati ya mashtaka, hana mamlaka ya kumwachia mtu huyo. Orodha hiyo ilipingwa mahakamani, na mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) kinakiuka Katiba. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikasema kwamba kifungu kinasimama.

Hali ya pili ni ya mshtakiwa ambaye sheria inamruhusu kuomba dhamana, mahakama ikasikiliza pande zote mbili, ikapima, kisha ikakataa kwa sababu ilizozitaja. Hali ya tatu ni ya mshtakiwa ambaye mahakama imemkubalia kabisa, lakini hana mdhamini mwenye barua ya utambulisho, au hana mali ya kiasi kilichotajwa, akarudishwa rumande mkono mtupu.

Mtu wa kwanza amezuiwa na sheria. Wa pili amekataliwa na mahakama. Wa tatu ameshindwa na umaskini au upweke wake. Mwandishi anayesema juu ya wote watatu kwamba "wamenyimwa dhamana" amewaweka katika kundi moja, na msomaji hujaza pengo kwa namna anayoijua: huyu lazima ni mtu mbaya. Hata usemi maarufu wa mahakamani, "dhamana iko wazi", una utata. Mzazi aliyesafiri kutoka kijijini kusikia habari za mwanawe huweza kudhani kwamba mwanawe ameachiwa, kumbe hakimu amesema tu kwamba ataachiwa akitimiza masharti. Mlango uko wazi, lakini kizingiti ni kirefu.

Tunapenda kuongeza hapa usemi "kosa lisilo na dhamana". Una faida moja: unasema wazi kwamba kinachotazamwa ni aina ya kosa linalodaiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ni makosa ya kiistilahi na ya kimantiki kuuendeleza kwa kusema kwamba washtakiwa wa makosa hayo wako ndani "kwa kuwa ni watu hatari". Hakuna aliyeuliza kama ni hatari au la. Katika kundi lile anaweza kuwamo muuaji wa kweli, na anaweza kuwamo mtu aliyetajwa kwa chuki ya shamba. Sheria imewafungia wote bila kuwatazama usoni. Mwandishi anayewapachika sifa ya hatari ameongeza juu ya sheria jambo ambalo sheria haikulisema.

Neno "hatari"

Hapo tumefika kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kiingereza cha sheria kina neno la kutaja hali ya mtu kudhaniwa kwamba atadhuru wengine, na wafasiri wetu wamelipa tafsiri tatu: "mshtakiwa hatari", "mshtakiwa wa hatari" na, siku za karibuni, "mshtakiwa hatarishi". Zote tatu zina kasoro.

"Hatari" ni nomino ambayo Kiswahili kimeruhusu itumike kama sifa, nayo haipokei viambishi vya ngeli. Tunasema nyoka hatari, barabara hatari, ugonjwa hatari. Katika mifano hiyo yote sifa inakaa ndani ya kitu chenyewe. Nyoka mwenye sumu ni hatari hata akilala. Tunaposema "mshtakiwa hatari" tunampa mtu sifa ya aina hiyo hiyo, sifa ya kudumu isiyo na wakati wala kipimo. Sarufi imekwisha kumhukumu. Hatuambiwi ni nani aliyeona hatari hiyo, imo katika tendo gani, wala itakwisha lini.

"Hatarishi" lina kasoro ya pekee. Kwanza, limekwisha kupata kazi nyingine. Maofisa wa ustawi wa jamii huandika "watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi", nao wanakusudia watoto wanaohitaji kulindwa. Masikioni mwa mwalimu au mtumishi aliyezoea nyaraka hizo, "mshtakiwa hatarishi" anaweza kuwa mshtakiwa ambaye maisha yake yamo hatarini. Na hilo si jambo la kubuni tu. Kifungu cha 148(5) tulichokitaja kilikuwa na aya inayozuia dhamana pale mahakama inapoona kwamba ni lazima mshtakiwa abaki mahabusu kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, kwa mfano pale wanakijiji wenye hasira wanapomngoja. Kwa hiyo mtu mmoja anazuiwa kwa kuwa anaogopwa, na mwingine kwa kuwa anaogopewa. Istilahi isiyoweza kuwatenganisha wawili hao haifai kuingia katika hati ya mahakama.

Historia ya sheria zetu inatoa ushahidi kwamba suala hili si la wanaisimu peke yao. Katika shauri la Daudi Pete, lililoamuliwa mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikabiliwa na aya iliyokuwa ikizuia dhamana kwa mshtakiwa yeyote ambaye kosa analodaiwa linahusu shambulio kubwa, tishio la kutumia nguvu, au kumiliki silaha ya moto au baruti. Lengo la aya hiyo lilikuwa kuwazuia watu wa kuogopwa. Mahakama ilikubali kwamba lengo lenyewe ni halali. Lakini iliona kwamba aya imeandikwa kwa upana mno, kiasi cha kuwakumba hata watu ambao kwa akili ya kawaida hawawezi kuhesabiwa kuwa wa kuogopwa, na kwamba haikuweka utaratibu wowote wa kuwachambua. Aya ikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Kwa lugha yetu ya istilahi tungesema: wavu ulitengenezwa kwa ajili ya papa, lakini macho yake yalikuwa madogo hata ukavua dagaa. Neno pana ni wavu wa namna hiyo.

Yafaa tulinganishe na jinsi nchi mbili za Kiingereza, ambako tafsiri zetu nyingi huanzia, zilivyoliandika jambo hili. Sheria ya Dhamana ya 1976 ya England na Wales huanza kwa kuchukulia kwamba mshtakiwa anastahili kuachiwa. Kisha inataja hofu tatu zinazoweza kuiondoa haki hiyo: mahakama iwe na sababu za kutosha za kuamini kwamba mshtakiwa hatajisalimisha, au atatenda kosa akiwa nje, au ataingilia mashahidi. Marekani nako, sheria ya shirikisho ya 1966 ilijali hasa kama mshtakiwa atafika mahakamani. Ni sheria ya 1984 iliyoongeza hofu ya kudhuru, kwa kuuliza kama yapo masharti yatakayotosha kulinda usalama wa watu wengine na wa jamii. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba hayapo, kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, ingawa kwa baadhi ya makosa sheria hiyo huanza na dhana dhidi ya mshtakiwa, ambayo anaruhusiwa kuipinga. Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali sheria hiyo mwaka 1987, katika shauri la Salerno, kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Mkuu William Rehnquist aliandika kwamba kuwekwa ndani kwa namna hiyo si adhabu. Jaji Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 aliwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za binadamu katika mazungumzo ya London, alipinga vikali. Kwake yeye, kumweka ndani mtu ambaye hajahukumiwa kwa sababu ya makosa ambayo bado hajayatenda ni kuibatilisha kanuni kwamba kila mshtakiwa ni asiye na hatia mpaka ithibitike.

Hatukusudii kuamua kati ya majaji hao. Tunachokiona sisi ni kwamba katika sheria zote mbili swali limeandikwa kwa vitenzi: hatajisalimisha, atatenda, ataingilia, yatatosha. Kila kitenzi kina mtenda, kina wakati, na kinaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Wakili anaweza kusimama na kusema: hataingilia mashahidi, kwa kuwa atakwenda kukaa kwa shangazi yake wilaya nyingine. Lakini wakili atasimamaje kukanusha nomino? Mfasiri anayegeuza vitenzi hivyo vyote kuwa "mshtakiwa hatari" amemnyang'anya wakili maneno ya kujibia.

Pendekezo letu ni "mshtakiwa anayehofiwa kudhuru". Tunajua kwamba ni refu zaidi, lakini urefu huo una kazi. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humfanya msikilizaji atafute mtenda: anahofiwa na nani? Kitenzi "kudhuru" humfanya atafute yambwa: amdhuru nani, na kwa namna gani? Wakati uliopo humkumbusha kwamba hofu ya leo yaweza kuondoka kesho, sharti likiwekwa au ushahidi ukibadilika. Istilahi yenyewe inauliza maswali ambayo mahakama inapaswa kuyajibu.

Tusidhaniwe kwamba tunataka kuwapamba watuhumiwa. Mwanamke aliyepigwa na kutishiwa, akamwona aliyempiga amerudi mtaani jioni ile ile, hana haja ya somo la sarufi; ana haja ya kulindwa. Hofu yake ni ya kweli na ni ushahidi. Ndiyo maana tunataka ionekane katika istilahi. Katika usemi "mshtakiwa hatari" mwanamke huyo ametoweka. Katika usemi "anahofiwa na mlalamikaji kwamba atamdhuru, kwa kuwa amekwisha kumtishia mara mbili", yumo, na sababu yake imo, na hakimu ana jambo la kupima.

Usalama wa nani?

Jirani wa "hatari" ni "usalama". Kifungu cha 148(4) cha sheria ile ya 1985 kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati ya maandishi, akieleza kwamba kumwachia mshtakiwa kungeweza kuathiri usalama au maslahi ya Jamhuri. Hati ikishawasilishwa, mshtakiwa hakuwa na nafasi ya kuipinga. Katika shauri la Mtobesya, mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Katika taarifa zetu za Kiswahili sababu ya aina ile ilifupishwa kwa maneno mawili au matatu: "kwa sababu za usalama". Hapo utata huwa mkubwa. Yupo msomaji atakayefikiri ni usalama wa mshtakiwa. Mwingine ni usalama wa mashahidi. Wa tatu, kwa kuwa neno hili limekwisha kuwa jina la idara, atanyamaza na kugeuza ukurasa. Kanuni yetu iwe rahisi: katika maandishi ya dhamana, neno "usalama" lisisimame peke yake. Lifuatwe daima na "wa" na jina la anayelindwa. Mwandishi ambaye hawezi kukamilisha "wa nani" bado hajaielewa sababu anayoiripoti.

Ndani ni wapi?

Yabaki maneno ya mahali. "Rumande" ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili, na sasa halina budi kuhesabiwa kuwa letu. "Mahabusu", lenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu na pia mahali alipo: "mahabusu mmoja amefikishwa mahakamani", "amewekwa mahabusu". Yote mawili yanafaa, mradi tuyatenge na "kufungwa". Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika, na katika shauri lile la 1991 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kumzuilia mtu dhamana peke yake si lazima kuwe kumtendea kama aliyehukumiwa. Tofauti hiyo ya kisheria ni nyembamba, na inashikiliwa kwa sehemu kubwa na maneno. Tukiandika "amefungwa miaka mitatu" juu ya mtu aliyekaa mahabusu miaka mitatu akisubiri upelelezi ukamilike, tumeikata.

Neno la kuepukwa kabisa hapa ni "kizuizini". Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa kuwa Kiingereza nacho husema juu ya kumzuia mtu kabla hajatenda. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania neno hili limebeba historia yake: Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu ndani bila mashtaka wala kesi. Mshtakiwa aliyekosa dhamana ana hati ya mashtaka, ana tarehe ya kutajwa kwa kesi, na ana hakimu. Aliyekuwa kizuizini hakuwa na chochote kati ya hivyo. Kuwaita kwa jina moja ni kumdhulumu wa kwanza na kumsahau wa pili.

Pia tunawasihi waandishi waache "kuruka dhamana". Usemi huu umevukishwa mzima mzima kutoka Kiingereza, nasi hatujui mshtakiwa huruka nini. La maana zaidi ni kwamba unachanganya aliyetoroka na aliyekosa nauli ya basi siku ya kesi. Tuna "ametoroka akiwa nje kwa dhamana" na tuna "hakufika mahakamani". Kila kimoja kina mahali pake.

Mapendekezo

Kwa kufuata hoja zilizotangulia, tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe kabla ya kupelekwa katika kamati ya usanifishaji:

(a) "Dhamana" litumike kwa amri na haki ya kukaa nje. Fedha iitwe "fedha ya dhamana". Ahadi ya maandishi iitwe "bondi". Mtu aitwe "mdhamini".

(b) "Dhamana imezuiwa na sheria", "dhamana imekataliwa na mahakama" na "ameshindwa masharti ya dhamana" ziwe istilahi tatu tofauti, na "kunyimwa dhamana" kuachwe katika maandishi rasmi.

(c) Badala ya "mshtakiwa hatari" na "hatarishi", litumike "mshtakiwa anayehofiwa kudhuru". Pale hofu ni ya kutoroka, litumike "anayehofiwa kutoroka", na pale ni ya kuvuruga ushahidi, "anayehofiwa kuingilia mashahidi".

(d) Mshtakiwa anayebaki ndani kwa ajili ya kulindwa aitwe "aliyewekwa mahabusu kwa usalama wake".

(e) "Usalama" lisitumike bila kutajwa anayelindwa.

(f) "Kizuizini" liachiwe amri za kiutawala, na "kufungwa" liachiwe waliokwisha kuhukumiwa.

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza itatoka kwa waandishi wa habari, kwamba kichwa cha habari hakina nafasi ya maneno manne. Tunajibu kwamba kichwa kinaweza kusema "Abaki mahabusu", kisha habari yenyewe ikaeleza sababu. Ufupi haujalazimisha mtu kuandika sifa isiyothibitishwa. Ya pili itatoka kwa wanasheria, kwamba maneno yametokana na sheria na wajibu wa mfasiri ni kuyafuata. Lakini katika mfano wetu mkubwa sheria zenyewe zilitumia vitenzi na masharti. Aliyeongeza "hatari" kama sifa ya mtu ni sisi tulio mezani pa tafsiri. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010, kwa ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiwa isipokuwa pawepo sababu nzito, kazi ya mahakama ni kuzipima sababu hizo moja moja. Mfasiri mwema wa uamuzi wa namna hiyo ni yule ambaye msomaji wake anaweza kuzihesabu sababu hizo moja moja pia.

Walimu wa sekondari na vyuo wanaweza kutusaidia kwa zoezi dogo. Wawape wanafunzi habari moja ya mahakamani na kuwauliza: huyu mtu yuko ndani kwa amri ya nani, anahofiwa na nani, na kwa lipi? Ikiwa darasa zima limesoma habari na halina jibu, kosa si la darasa. Maoni ya wasomaji wetu, hasa makarani wa mahakama ambao huyaandika maneno haya kila siku, yatapokewa kwa shukrani na kuzingatiwa kabla ya orodha kukamilishwa.